Nimeuziwa gari lenye tinti iliyozidi kipimo: nani anawajibika kisheria hapa Uingereza?

Mkazi wa Leicester

Ndugu zangu, salaam. Naomba ushauri wa yeyote anayeifahamu sheria ya barabarani ya hapa Uingereza, kwa maana nimejikuta nalipia kosa ambalo sikulitenda kwa mkono wangu.

Wiki tatu zilizopita nilinunua gari dogo la familia, toleo la mwaka 2014, kwenye yadi moja ya magari yaliyotumika, kwa pauni 4,950. Nililikagua mchana kweupe, nikalizunguka, nikaliendesha mitaa miwili mitatu. Vioo vya milango ya mbele niliviona vina weusi kiasi, lakini sikuvitilia shaka kwa sababu vya nyuma vilikuwa vyeusi zaidi, na cheti cha MOT, yaani cha ukaguzi wa lazima wa gari wa kila mwaka, kilikuwa hakijatimiza hata mwezi mmoja. Siku ya kumi na mbili, nikiwa nawarudisha watoto kutoka madrasa, polisi walinisimamisha. Askari aliniomba nishushe kioo changu nusu, akakibana kwa kifaa kidogo chenye pande mbili, kimoja ndani na kimoja nje, kisha akanigeuzia nione namba: 27. Akaniambia kwamba kioo hicho kinapaswa kupitisha mwanga usiopungua asilimia 70. Nilipewa hati ya adhabu na kuagizwa kwamba gari lisirudi barabarani kabla tinti haijabanduliwa, na shemeji yangu ndiye aliyekuja kutuchukua mimi na watoto.

Kesho yake niliwapigia simu wale wauzaji. Jibu lao lilikuwa fupi: gari uliliona, ukaridhika, na risiti imeandikwa kwamba limeuzwa kama lilivyo. Naomba kujua mambo mawili. Kwanza, kwa nini niadhibiwe mimi na si aliyeniuzia, au yule aliyebandika tinti hiyo? Pili, je, naweza kudai gharama ya kuibandua pamoja na ile faini, au hata kuwarudishia gari lao?

Mshauri wa kujitolea, Birmingham

Pole sana, ndugu. Nimekuwa nikijitolea kwenye kituo cha ushauri kwa miaka kadhaa, na malalamiko ya aina hii huja mara kwa mara, hasa kutoka kwa watu waliohamia hapa hivi karibuni ambao kwao cheti cha MOT ni kama hati ya kulitakasa gari zima. Ukaguzi wa MOT haupimi kiwango cha tinti cha vioo vya pembeni. Gari linaweza kufaulu asubuhi na kukamatwa jioni, na wote wawili, mkaguzi na polisi, wakawa wametimiza wajibu wao.

Kipimo alichokutajia askari kimo katika Kanuni ya 32 ya Kanuni za Utengenezaji na Matumizi ya Magari za mwaka 1986. Gari lililoanza kutumika tarehe 1 Aprili 1985 au baada ya hapo linatakiwa kioo chake kikubwa cha mbele kipitishe mwanga usiopungua asilimia 75, na vioo vya pembeni vilivyo sambamba na dereva visipungue asilimia 70. Kwa magari ya kabla ya tarehe hiyo, vyote ni asilimia 70. Vioo vilivyo nyuma ya dereva havina kikomo, na ndiyo sababu vya kwako vya nyuma havikuzungumziwa hata kidogo, ingawa ni vyeusi zaidi.

Sasa nije kwenye swali lako la kwanza. Hapa yako makosa mawili tofauti, na kila mmoja anabeba la kwake. Kosa lako linatokana na kifungu cha 42 cha Sheria ya Usafiri wa Barabarani ya mwaka 1988, ambacho kinamgusa mtu anayetumia gari barabarani kinyume cha kanuni hizo. Sheria haiulizi nani alibandika tinti, wala haiulizi kama ulijua. Ukishakuwa umeshika usukani na kioo kiko chini ya kipimo, kosa limekamilika. Ni sheria kali, nakubali, lakini mantiki yake ni kwamba anayevuka barabara usiku mbele ya gari lako hapati nafuu yoyote kutokana na wewe kutokujua. Adhabu yake ya juu kwa gari la kawaida mahakamani ni pauni 1,000, na haiambatani na alama kwenye leseni. Alama huja pale tu dereva anaposhtakiwa kwa kutumia gari lililo katika hali ya hatari, chini ya kifungu cha 40A, na ukurasa mmoja wa hati yako utakuonyesha kwamba hukushtakiwa kwa hilo.

Kosa la muuzaji liko kwenye kifungu cha 75 cha sheria hiyo hiyo. Kifungu hicho kinakataza mtu yeyote kuuza, kutoa kwa ajili ya kuuza, au hata kuliweka sokoni tu gari ambalo kulitumia barabarani katika hali iliyo nalo kungekiuka kanuni za utengenezaji na vifaa vya magari, na tinti iliyozidi inaingia humo moja kwa moja. Muuzaji anaweza kujitetea kwamba aliamini kwa sababu za msingi kwamba gari lisingetumika barabarani kabla ya kurekebishwa. Hata hivyo, kwa mfanyabiashara aliyelipanga yadini mlango huo wa utetezi umefungwa, isipokuwa kama alichukua hatua zote za busara kuhakikisha mnunuzi anafahamu kwamba kulitumia hivyo lilivyo ni kinyume cha sheria. Kwa maelezo yako, hakuna aliyekwambia neno. Nakushauri utoe taarifa kwa Trading Standards, yaani maofisa wanaosimamia sheria za biashara, na kwa Uingereza njia ya kuwafikia ni kupitia huduma ya walaji ya Citizens Advice, shirika la ushauri wa bure.

Ila usije ukadhani kwamba kuthibitika kwa kosa la muuzaji kunafuta la kwako, au kwamba kunakurudishia pesa. Kifungu hicho hicho cha 75 kinasema wazi kwamba hakigusi uhalali wa mkataba wenu wala haki zinazotokana nao. Pesa zako utazidai kwa sheria nyingine kabisa.

Fundi wa vioo, Luton

Mimi kazi yangu ni kubandika na kubandua tinti, kwa hiyo nitasema ninachokijua na sheria nitawaachia wenyewe.

Namba 27 inanieleza mengi. Karatasi za tinti huuzwa kwa asilimia ya mwanga unaopita: kuna ya 5, ya 20, ya 35, ya 50 na kadhalika. Wateja wengi hufikiri kwamba namba ya karatasi ndiyo namba ya kioo, na hapo ndipo wanapokosea, kwa sababu kioo chenyewe kinapotoka kiwandani tayari kimepunguza mwanga. Vioo vingi vya mlango wa mbele hupitisha kama asilimia 75 hadi 80 vikiwa vitupu. Ukichukua kioo cha asilimia 77 ukakibandika karatasi ya 35, unazidisha, hutoi: 0.77 mara 0.35 ni kama 0.27. Bila shaka gari la ndugu yetu limebandikwa karatasi ya 35, ambayo ndiyo inayopendwa na vijana kwa kuwa haionekani nyeusi ya kutisha. Kwa hesabu hiyo hiyo, kioo cha 77 kinahitaji karatasi ya asilimia 91 au zaidi ili kibaki juu ya 70, na karatasi ya namna hiyo kwa macho ni kama haipo. Ndiyo maana fundi mwaminifu wa hapa akiombwa tinti ya vioo vya mbele hujibu hapana, au humwonyesha mteja kipimo kwanza.

Mnaotafuta magari, hili halihitaji mashine. Shusha kioo cha dereva nusu, kisha pitisha ukucha kwenye ukingo wake wa juu kwa upande wa ndani. Karatasi haifiki ukingoni kabisa. Huacha mstari mwembamba wa kioo kitupu, milimita moja au mbili, na ukucha utakwama pale karatasi inapoanzia. Kioo cha kiwandani, hata kiwe cheusi vipi, hakina mstari huo, kwa sababu rangi imo ndani ya kioo chenyewe.

Kuhusu kubandua, vioo viwili vya milango ya mbele si kazi kubwa. Mimi hupasha karatasi kwa mvuke hadi gundi ilainike, nikaanza na kona moja ya juu nikivuta taratibu, maana ukivuta kwa pupa karatasi hukatika vipande na gundi yote hubaki kwenye kioo. Mwenye subira anaweza kuifanya nyumbani kwa draya ya nywele na maji ya sabuni. Kitu kimoja tu: kioo kikubwa cha nyuma msikiguse kwa wembe, kwa kuwa zile nyaya nyembamba za kuondoa ukungu zimechapwa juu ya kioo, na ukizikwaruza hazirudi. Naye hana sababu ya kukigusa, kwa kuwa kioo hicho hakina kikomo.

Umpe fundi aandike kwenye risiti kipimo cha kabla na cha baada. Karatasi aliyoibandua iweke kwenye mfuko, usiitupe.

Mzee wa Reading

Nimewasoma wote kwa heshima, lakini naona mnampa kijana matumaini kuliko yanavyostahili. Tinti si injini iliyofichwa chini ya boneti. Ni kitu kilicho mbele ya macho, na ndugu yetu mwenyewe amekiri kwamba aliviona vioo vina weusi. Kwa ninavyoelewa, hata sheria ya walaji haimlindi mnunuzi kwa dosari ambayo ukaguzi wake mwenyewe ulipaswa kuifichua. Nimeishi nchi hii tangu miaka ya tisini, nimenunua magari mengi, na sijawahi kulipa kabla ya kuuliza. Muuzaji hakudanganya, alinyamaza tu. Kama atagharamia kubandua, atashukuriwa kwa ungwana wake, lakini sioni deni hapo.

Mkazi wa Leicester

Nashukuru nyote. Mzee wangu, nasaha zako nazipokea, na uzembe wangu siukatai. Naomba hata hivyo niongeze jambo ambalo sikulieleza mwanzoni kwa sababu sikujua kama lina uzito. Kabla ya kwenda yadini nilimwandikia muuzaji kwa WhatsApp nikauliza, kwa maneno yangu haya haya, kama gari lina marekebisho yoyote ambayo natakiwa kuyataja kwa kampuni ya bima. Alijibu kwamba gari liko kama lilivyotoka kiwandani na liko tayari kwa barabara. Ujumbe huo ninao. Tangazo pia nililipiga picha, na vioo vyenyewe vinaonekana humo.

Kwa ushauri wa fundi, nimepitisha ukucha. Mstari upo.

Mshauri wa kujitolea, Birmingham

Ujumbe huo unabadilisha hesabu, na ni vizuri umeutaja kabla hujawaandikia barua.

Nianze na hoja ya mzee, kwa sababu si ya kupuuzwa, na muuzaji akipata mwanasheria ndiyo hoja atakayoileta kwanza. Sheria ya Haki za Walaji ya mwaka 2015, kifungu cha 9, inamtaka mfanyabiashara auze kitu chenye ubora wa kuridhisha, lakini inatoa nje dosari iliyotajwa waziwazi kwa mnunuzi kabla ya mkataba, na pia ile ambayo ukaguzi alioufanya mnunuzi ulipaswa kuifichua. Kwa mtazamo wangu, kuona weusi si sawa na kuona ukiukaji wa sheria. Mnunuzi wa kawaida hana kifaa cha kupimia mwanga, na jicho haliwezi kutofautisha asilimia 72 na 66, ingawa kwa 27 nakiri kwamba hakimu anaweza kuuliza maswali. Nisingeiwekea kesi yote shingoni mwa kifungu hicho kimoja.

Ndiyo maana ujumbe wa WhatsApp una thamani. Kifungu cha 11 kinataka kitu kilingane na maelezo yaliyotolewa, na hapo ule utetezi wa «uliliona» hauna nguvu ile ile. Uliambiwa gari liko kama lilivyotoka kiwandani. Karatasi ya tinti haikutoka kiwandani. Uliambiwa liko tayari kwa barabara. Siku ya kumi na mbili polisi wameliondoa barabarani. Na yale maneno ya kwenye risiti kwamba limeuzwa kama lilivyo hayawezi kumwondolea mfanyabiashara wajibu huu mbele ya mlaji, kwa kuwa kifungu cha 31 kinayabatilisha.

Sasa hesabu siku zako. Una haki ya kulikataa gari na kurudishiwa pesa zote ndani ya siku 30, na kwa maelezo yako zimebaki kama tisa. Kwa haki hiyo ni juu yako kuonyesha kwamba gari halikulingana na mkataba, na unayo hati ya polisi, picha za tangazo na ujumbe. Ila jiulize kama kweli unalikataa gari zima kwa sababu ya karatasi mbili. Ukiomba warekebishe badala ya kulikataa, hesabu ya siku 30 husimama wakati wa matengenezo, na wakishamaliza unabaki na siku zisizopungua saba za kuamua, kwa hiyo kuomba marekebisho hakukuchomi. Marekebisho hayo, vifaa na ufundi, ni kwa gharama ya muuzaji. Waandikie kabla hujampa fundi kazi, kwa kuwa wanastahili kupewa nafasi ya kulitengeneza wenyewe. Wakikataa, gharama utakayolipa inadaiwa kama fidia, na Uingereza na Wales madai madogo yanafika hadi pauni 10,000, bila kulazimika kuwa na wakili.

Kuhusu faini, nisikufiche. Mahakama kwa kawaida husita sana kumruhusu mtu kumhamishia mwingine adhabu aliyopewa kwa kosa la jinai, hata kosa lenyewe likiwa la kutojua. Itaje kwenye barua, lakini usiifanye iwe ndiyo vita.

Na bima usiisahau. Kampuni nyingi huhesabu tinti kuwa ni marekebisho. Wewe uliuliza kabla na ukajibiwa, kwa hiyo ulichowaambia ulikisema kwa uangalifu unaotakiwa. Tangu ulipopewa ile hati, hali imebadilika, kwa maana sasa unajua.

Dada wa Coventry

Samahani kwa kuingilia mazungumzo ya watu. Mume wangu amehamishiwa kazi Muscat na ameniachia gari nimtafutie mnunuzi. Lina tinti milango ya mbele, aliibandika mwenyewe. Mimi si mfanyabiashara. Nikiliuza kwa mtu binafsi, je, haya yananihusu? Na jirani mmoja anataka kulisafirisha Mombasa.

Mshauri wa kujitolea, Birmingham

Yanakuhusu, dada, ingawa nusu yake. Ile Sheria ya Haki za Walaji haikufungi wewe, kwa sababu inahusu mfanyabiashara anayemuuzia mlaji. Mtu binafsi anamdai mwenzake tu pale gari lisipolingana na maelezo aliyopewa, au alipodanganywa kwa taarifa isiyo ya kweli, na kwa hilo ipo sheria ya mwaka 1967. Kwa hiyo usiandike kwenye tangazo kwamba gari halina tatizo lolote.

Kifungu cha 75, kwa upande mwingine, kinasema mtu yeyote. Hakikubagui kwa kuwa huna yadi. Kwa jirani wa Mombasa sheria inakupa utetezi, kwa kuwa gari linalouzwa ili lisafirishwe nje ya Uingereza haliingizwi kwenye kosa hilo, mradi uweze kulithibitisha, na kwa hiyo mwandikiane. Kwa mnunuzi wa hapa, kubandua ni rahisi kuliko kujieleza. Na kabla halijabanduliwa usiliendeshe, hata kwenda dukani.

Fundi wa vioo, Luton

Dada, kama aliibandika mwenyewe nyumbani, pasha moto kona kwa muda mrefu zaidi. Gundi za karatasi za bei nafuu hung'ang'ania kuliko zile za kazi.

Mkazi wa Leicester

Narudi kutoa mrejesho. Niliwaandikia barua pepe yenye nakala ya ule ujumbe na ya hati ya polisi, nikataja vifungu vya 11 na 75, nikawapa siku saba. Siku ya tatu meneja alinipigia mwenyewe, na sauti haikuwa ile ya awali. Walituma gari la kubeba magari likalichukua langu, wakabandua tinti, wakalirudisha na karatasi ya fundi wao inayoonyesha asilimia 76 kwa kulia na 77 kwa kushoto. Faini wamekataa kuilipa, nami nimeilipa. Mzee wa Reading alinitumia ujumbe binafsi akaniuliza kama meneja aliomba radhi. Hakuomba, mzee wangu, ila alinijazia tanki.